Binti yetu mchanga alipimwa kwa siri, ikatoka mistari miwili. Swali likawa: ya nani?

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina ya watu nimebadilisha, mji nimeuacha ulivyo. Mkiona naandika kama ripoti ya kazini, nivumilieni, hata mke wangu hulalamika hivyo hivyo.

Niko Malindi, mtaa wa Muyeye. Kazi yangu iko Gongoni, kwenye chumvi. Sichoti chumvi, ni fundi wa zile pampu zinazovuta maji ya bahari kuingia mabwawani. Siku za kazi nalala huko, mwisho wa wiki narudi nyumbani.

Nianze na lile ambalo wengi mtalidaka: mimi na mke wangu tuna HIV.

Tuliambiwa pamoja, kliniki ya wajawazito, mimba ya mtoto wetu wa kwanza ikiwa bado changa. Nani alimpa nani hatujui. Tulijaribu kutafuta jibu siku chache, tukaona tunagombana na virusi viko palepale. Tukaacha, tukaanza dawa. Mimba inaelekea kukomaa, mke wangu akapimwa viral load, yaani wingi wa virusi kwenye damu, ikawa chini kabisa, haionekani.

Wanaotaka kuhukumu, nafasi ya comments iko huko chini. Mimi naendelea.

Nyumbani hatukumwambia mtu. Sisi asili yetu ni Wabajuni, mama yangu alikuja Malindi kutoka visiwani akiwa mwari. Mke wangu, nitamwita Kadzo, ni Mgiriama wa upande wa Bamba, wazazi wake ni wakulima. Alisilimu tulipooana. Mama anampenda, sitasema uongo. Lakini nilijua habari ikitoka, swali la kwanza litakuwa Kadzo ametoka wapi, si mimi nimepita wapi.

Kwa hiyo tulinyamaza. Tukakubaliana kwamba siku ya kusema, tutasema wote wawili, hakuna kumwacha mwenzako peke yake mbele ya watu.

Sasa sikilizeni mpangilio wa nyumba, maana bila huo uzi hautaeleweka.

Mama ana nyumba yenye ua. Upande mmoja tunakaa mimi na Kadzo, upande wa pili anakaa dada yangu Tima. Mumewe ni mfanyabiashara wa samaki wakavu, yuko safarini mara nyingi. Tima alikuwa na mtoto wa kiume, Badi, bado ananyonya.

Kadzo alipojulikana ana mimba, Tima alitangaza mapema: akizaa mtoto wa kike, nitamnyonyesha. Kwetu hilo si utani. Mtoto akinyonya kwa mwanamke mwingine kabla ya kutimiza miaka miwili, wana wa mwanamke huyo wanakuwa ndugu zake wa ziwa. Hawaoani. Watakua ua mmoja bila kujifichana, bila mtu kuulizwa shungi liko wapi. Kwa madhehebu yetu ni mara tano za kushiba, si kuonja. Mwanamke akijitolea hivyo amekupa heshima kubwa, na ukimkatalia umemtukana.

Mtoto akazaliwa wa kike. Tulimwita Rehema. Alitoka kwa upasuaji, Kadzo akawa hajiwezi siku mbili za mwanzo. Mimi nilikuwa nje kwenye benchi na wanaume wengine. Ndani, Tima alimnyonyesha Rehema kimyakimya, mara tatu, akaja kutuambia baadaye kwa furaha.

Kadzo aliposikia alibadilika rangi.

Walipofika nyumbani Tima akaja kumalizia mara mbili zilizobaki. Kadzo akakataa. Akasema daktari ametaka mtoto anyonye kwa mama yake tu. Hilo lilikuwa kweli, kliniki walimwambia miezi sita ya mwanzo maziwa yake peke yake na dawa ya mtoto, basi. Lakini sababu yake kubwa aliniambia mimi: hatujui bado kama Rehema ameambukizwa au la, na hataki kumwingiza mwenzake kwenye jambo ambalo hakuelezwa.

Nilimwelewa. Tima angeelewaje?

Alichoona Tima ni kwamba mke wa kaka amekataa maziwa yake. "Haya maziwa yangu yana nini, wifi? Si ya mtu?" Akaenda kulia kwa Mama. Mama naye akanuna. Mimi nikarudi kazini Gongoni nikidhani ni mambo ya wanawake, yatapoa.

Hayakupoa. Tima alianza kuangalia. Akaona mtoto anapewa dawa ya maji kila siku. Akauliza ni ya nini, akaambiwa ya tumbo. Mtoto gani anapewa dawa ya tumbo kila siku na tumbo halimuumi?

Dada yangu si mjinga. Akaenda duka la dawa akanunua vipimo vya HIV vya mate, vile vya kupitisha kijiti kwenye fizi. Akanunua viwili. Cha kwanza akajipima mwenyewe, apate cha kumwonyesha Kadzo kwamba maziwa yake ni safi. Mstari mmoja, yaani hana. Angeishia hapo tungekuwa tunacheka.

Kwenye boksi imeandikwa wazi kwamba si cha watoto wachanga. Nani anasoma boksi?

Mnajua mzazi ndani ya arobaini anavyokandwa kwa maji ya moto. Kadzo alikuwa chumba cha ndani anakandwa miguu na mgongo, tumbo haliguswi kwa sababu ya mshono. Tima akabaki na mtoto. Akapitisha kijiti kwenye fizi za Rehema, akangoja.

Mistari miwili.

Mimi nilikuwa nimefungua pampu, mikono imejaa grisi, simu ikalia. Tima. Analia na kupiga kelele kwa pamoja. "Mwanao ana ukimwi! Mwanao ana ukimwi, na mimi nimemnyonyesha, na Badi ananyonya kwangu!"

Nilimwambia asimguse mtoto, nakuja. Nikamwambia supervisor kuna mgonjwa nyumbani, nikachukua bodaboda moja kwa moja mpaka Muyeye. Njia nzima yule kijana wa boda ananisimulia habari za mpira. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze nilichokuwa nakijua, maana ndicho kiini cha uzi.

Kipimo kile hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unawatengeneza ukishaingiliwa na virusi. Kwa mtu mzima hakuna shida, ukiwa na askari ni kwamba vita iko mwilini mwako. Kwa mtoto mchanga ni tofauti. Akiwa tumboni, mama anampitishia askari wake kupitia kondo la nyuma. Anampa wa surua, wa magonjwa aliyowahi kuugua, na wa HIV kama anao. Mtoto anazaliwa na askari wa mama yake na wanabaki damuni miezi mingi, wengine mpaka karibu mwaka na nusu, wanapungua polepole.

Mimi mtu wa pampu nilijielezea hivi: pampu mpya ikitoka kwenye boksi ukaikuta na maji kidogo ndani, usiseme imeshafanya kazi kwa mtu. Ni maji ya kiwandani walipoijaribu.

Kwa hiyo mistari miwili ya Rehema haikunishtua hata kidogo. Ningeshangaa kama ungetoka mmoja. Kujua kama mtoto mwenyewe ana virusi kuna kipimo kingine, PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe. Tone la damu ya kisigino kwenye karatasi, linapelekwa maabara. Chake kilikuwa kimepangwa akifika wiki sita. Hata sisi tulikuwa tunakingoja roho juu.

Mmeona tatizo liko wapi?

Ili nimtoe mtoto kwenye ile mistari, ilibidi niseme ni ya nani.

Nilipofika ua ulikuwa kimya. Mama na Tima walikuwa wamesimama nje ya mlango wetu. Kadzo alikuwa amejifungia ndani na mtoto. Mama alikuwa ameshakoroga maziwa ya kopo kwenye chupa, na ile dawa ya maji alikuwa nayo mkononi, anataka kuimwaga.

"Mwanangu," Mama akaniambia, "huyu mtoto yuna ugonjwa, na mamake yuwazidi kumnyonyesha. Hebu mwambie afungue mlango. Nipewe mtoto, ziwa aachishwe leo, na hii dawa sijui mmepewa na nani."

Wakuu, hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kliniki walituambia kinachomlinda mtoto ni dawa ya mama, dawa ya mtoto, na ziwa la mama bila kuchanganya na kitu kingine. Mama yangu, kwa mapenzi yote ya bibi, alikuwa anakaribia kuondoa vyote. Na Kadzo ndani na mshono wake anamzuia kwa komeo moja, hawezi kusema kwa nini, kwa sababu tulikubaliana tuseme pamoja. Alikuwa ananingoja mimi.

Nikaichukua ile dawa mkononi mwa Mama. Nikamwambia, "Mama, ile mistari si ya mtoto."

"Mistari imetoka kinywani mwake, si ya mtoto?"

"Si yake. Hicho kipimo hakifai kwa mtoto mchanga. Kinaonyesha alichopewa tumboni."

Mama akanitazama. Ni mtu wa kufikiri taratibu lakini akifika amefika. Akauliza, "Basi ni ya nani?"

Nilikuwa na sentensi nzima kichwani tangu Gongoni. Haikutoka. Nilisimama pale kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

Komeo likalia. Kadzo akafungua mlango, Rehema yuko ziwani ananyonya, kanga imemteleza begani. Akasema, "Ni yangu, mama."

Mimi nikasema, "Na yangu."

Sasa wataalamu mlioko humu mtanirekebisha. Kisayansi nilisema uongo. Kingamwili za baba hazipiti popote kwenda kwa mtoto, ile mistari ilikuwa ya Kadzo tupu. Najua. Lakini ahadi ilikuwa tuseme wote wawili, na tayari nilikuwa nimechelewa kwa sentensi moja. Aibu ya ule ukimya bado ninayo.

Tima akaketi chini palepale. Mama akaichukua ile chupa ya maziwa ya kopo, akaenda nayo jikoni, nikasikia anaimwaga kwenye karo.

Nisiwadanganye kwamba tulikumbatiana.

Kesho yake nilimpeleka Tima kliniki mwenyewe. Wakamsikiliza, wakamwambia mtu anayemnyonyesha mtoto kupata kutoka kwa mtoto ni nadra mno, na hata mtoto mwenyewe haijulikani kama ana virusi. Wakampima, wakamwambia arudi tena baadaye wahakikishe. Alirudi. Hana.

Nyumbani Mama aliacha kabisa habari ya kuachisha ziwa. Dawa akawa anakumbusha yeye, saa ikifika anaita kutoka jikoni. Lakini kwenye kabati la vyombo alitenga kikombe cha buluu cha Kadzo. Hakusema ni cha Kadzo. Kilikaa tu peke yake, na chai yake ikawa inakuja humo. Kadzo alikuwa anainywa humo humo. Mimi nikaanza kukiomba hicho hicho nikiwa nyumbani, Mama ananipa kingine.

Nilimweleza Mama kwamba virusi haviambukizwi kwa kikombe. Akasema anajua. Kikombe kikakaa palepale.

Wiki sita zikafika, damu ya kisigino ikachukuliwa, tukangoja majibu. Katika maisha yangu sijawahi kutengeneza pampu nyingi kama kipindi hicho. Nilikuwa natengeneza hata zilizokuwa nzima.

Majibu: negative.

Kadzo alilia kliniki, mimi nililia kwenye choo cha kazini. Nikampigia Mama. Akasema alhamdulillahi, halafu akauliza, "Na ile mistari miwili?" Nikaeleza tena. Tima akaidaka simu, akasema anashukuru Mungu, ila ile habari ya undugu wa ziwa tuiache. "Mara tatu haifanyi undugu. Haikutimia, basi haipo."

Kisheria yuko sawa. Haikutimia. Lakini hilo ndilo lililomuuma Kadzo kuliko kikombe, na mimi liliniuma pia. Mtu aliyelia kwa kukataliwa maziwa, sasa ndiye anayeshukuru kwamba hayakutosha.

Miezi ikaenda. Rehema akakaa, akatambaa, akaanza kumnyang'anya Badi vitu. Kila kipimo cha kliniki, negative. Mama akawa anamlea kama mjukuu mwingine yeyote, ila moyoni, naamini, alikuwa anaona ile mistari. Ukishaona kitu kwa macho yako, maneno ya maabara yanakuwa ya mbali.

Kadzo alimwachisha ziwa mwenyewe kwa ushauri wa kliniki, wakangoja wiki kadhaa zipite. Rehema alipofika mwaka na nusu ndipo wakafanya kile kipimo cha mwisho cha kingamwili, maana sasa wale askari wa mama walitakiwa wawe wameisha. Nilimwomba Mama aje. Tima akaja pia, ana kichanga mgongoni, alikuwa amejifungua tena.

Niliwataka waone kwa macho, kwa sababu kwa macho ndiko tulikoharibikiwa.

Tone la damu kwenye kidude. Tukakitazama wote wanne kama watu wanaongoja maji yachemke.

Mstari mmoja.

Mama akauliza, "Ule mwingine umekwenda wapi?" Mhudumu akamjibu umekwisha, ulikuwa wa mama yake. Mama akamtazama Kadzo kwa muda mrefu.

Tulirudi nyumbani. Sijavua hata viatu, Tima akatokea na kichanga chake mkono mmoja. Akamwambia Kadzo, "Wifi, miaka miwili haijatimia. Nipe mwanangu nimalizie."

Kadzo akaniangalia. Nikamwambia ni juu yako. Akampa.

Rehema ameshazoea wali na samaki, akapelekewa ziwa la shangazi. Akalitazama, akamtazama shangazi, akamng'ata. Tima akapiga yowe mtaa mzima ukasikia. Tulicheka mpaka kichanga kikaamka.

Tima hakukata tamaa. Alikuwa ameshamuuliza ustadhi wa msikiti wetu, akaambiwa hata yakikamuliwa kwenye kikombe mtoto akanywa, inahesabika, ilimradi mara moja iwe mbali na nyingine. Akageuka kwa Mama aliyekuwa jikoni, "Mama, nipe kikombe."

Mama akafungua kabati. Vikombe viko vingi humo. Akapitisha mkono akachukua kile cha buluu, akakisuuza, akampa.

Tima akakamulia humo. Rehema akanywa, akaomba tena, maana kwenye kikombe hana ubishi. Kadzo alikuwa amesimama mlangoni pale pale aliposimama siku ile. Hiyo ilikuwa ya nne, ya tano ilikuwa kesho yake, kikombe hicho hicho. Tangu siku hiyo kimechanganyika na vingine, na asubuhi anayenywea chai humo ni Mama.

Nilichojifunza ni kidogo. Kipimo cha mate usimpitishie mtoto mchanga, hakitakwambia habari zake, kitakwambia za mama yake, na pengine mama hakuwa tayari. Mtoto subirini PCR, na ziwa na dawa visiguswe mpaka kliniki waseme. La pili ni langu na Kadzo: kama mmeahidiana kusema pamoja, usingoje mwenzio afungue mlango kwanza.

Mwenye mtoto aliyetoka mistari miwili na sasa hajui ashike wapi, aandike hapa chini au aje inbox, nitamjibu ninachokijua, na nisichokijua nitamwelekeza kliniki iliyo karibu naye. Wa kutukana pia karibuni, nasoma zote nikiwa Gongoni, pampu zikiwa zinavuta.